Medali Katika Koti la Kuazima

Jumamosi ya tarehe sita Februari, mwaka 1993, ndiyo siku mambo ya Alfiado Ngovene yalipoharibika, na yaliharibika mchana kweupe, mbele ya watu waliovaa nguo zao za kanisani.

Mpaka saa sita yalikuwa yanakwenda vizuri. Wazee wa ukoo wa Ngovene walikwishaingia uani kwa Mzee Sitoe na mahari yao: suti ya baba wa binti, kapulana ya kujifunga na kitambaa cha kichwa cha bibi, ugoro wa wahenga, dumu la mvinyo mwekundu lililofungwa utepe shingoni kama bibi harusi. Mkeka ulikuwa umetandikwa na vitu vimepangwa juu yake. Wenyeji walikwishawatoza faini ya kuchelewa, faini ya kuingia na viatu, na faini ya kuleta mshenga mwenye sauti ya mbuzi. Mshenga mwenyewe, Mjomba Bernabe, alikuwa akilipa huku akilalamika, na kila akilalamika watu walicheka.

"Mnatukamua kabla hamjatupa hata maji," alisema.

"Maji mtakunywa kwenu," alijibu shangazi mmoja wa upande wa pili. "Hapa mmekuja kununua shida."

Alfiado alikaa nyuma ya wazee wake, magoti pamoja, macho chini, jinsi inavyompasa kijana anayeposewa mke na wazee wake. Siku ya mahari bwana harusi hana mdomo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wanajeshi walimchukua sokoni akiwa bado hajaota ndevu, wakampa bunduki ndefu kuliko mguu wake, na mwaka jana, mwezi ule amani ilipotangazwa, walimruhusu kurudi nyumbani kwa ajili ya goti lenye chuma ndani. Walimrudisha na goti hilo na medali. Koti alilovaa lilikuwa la binamu yake anayechimba dhahabu Joni, ng'ambo ya mpaka, mabega yake mapana kama mlango, na mkono wa kulia wa Alfiado ulikuwa kila mara ukienda kugusa mfuko wa ndani, kama mtu mwenye jino bovu anavyoligusa kwa ulimi.

Walimtoa Atalia, binti wa Mzee Sitoe, nyumbani akiwa amefunikwa kapulana toka kichwani hadi magotini. Bibi yake, Bibi Elina, alishika pindo la nguo hiyo kwa vidole vyake vikavu. Kitu pekee cha Atalia ambacho Alfiado aliweza kukiona ni vidole vya miguu, na kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu. Hakuwa amewahi kuzipaka kabla.  Vita vizima hakuna kitu kilichomtisha Alfiado kama kucha zile kumi nyekundu, kwa sababu zilipakwa kwa ajili yake.

"Mjukuu wangu," Bibi Elina alisema, "watu hawa unawajua?"

"Nawajua, bibi." Sauti ilitoka chini ya nguo, ndogo lakini haikutetemeka.

"Wamekuja na vitu. Tukipokea, sisi tutakula na kunywa, na wewe utakwenda. Tupokee, au tuwarudishie?"

Hapo ndipo honi ilipopigwa langoni.

Lilikuwa gari la serikali, lile jeupe la Mkuu wa Wilaya. Wakati wa risasi watu wa pale hawakuliona hata vumbi lake. Sasa risasi zimekwisha, lilikuwa halikosi kwenye pilau. Alishuka Mkuu mwenyewe, mtu mnene mwenye kitambaa cha kujifutia jasho, na nyuma yake dereva, na nyuma ya dereva kijana wa mjini mwenye kamera shingoni.

"Shujaa," alisema Mkuu, akikanyaga mkeka kwa viatu vyake. Hakuna aliyemtoza faini. "Nimekungoja ofisini tangu asubuhi. Nilikuambia uje na medali yako, nikukabidhi shamba lako kando ya mfereji, tupige picha. Mbona hukuja?"

Alfiado alikaza macho chini. Siku ile hakuwa na mdomo, na hata angekuwa nao asingejua aseme nini.

"Basi nimekufuata. Na naona umeniandalia jambo zuri zaidi. Shujaa anaoa. Amani imekuja, shujaa anaoa. Wakubwa wangu watapenda sana hii." Akageuka kwa mpigapicha. "Utawapanga pale, kwenye mwanga. Haya, Sajini. Vaa medali."

Kabla Alfiado hajainua uso, mtu mwingine alikwishajibu. Alikuwa Shangazi Joaquina, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mrefu mwenye fahari, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Haipo, Bwana Mkubwa," alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. "Imekwenda na mambo mengine ya vita. Mwezi wa kumi tulimjengea kibanda cha nyasi nje ya ua, akalala humo, hakuvuka kizingiti cha mtu. Mganga alipokuja, kila kitu alichorudi nacho tulikiweka ndani ya kibanda tukakitia moto. Viatu, mkanda, kofia, nguo, mpaka kijiko. Akatoka hapo uchi kama alivyozaliwa, hakugeuka nyuma, akaoshwa. Mtoto wetu ni safi. Tusingethubutu kuja kwa watu kuomba binti wao na mtoto mchafu."

Wazee wa upande wa Sitoe waliitikia kwa kichwa. Hilo ndilo walilotaka kulisikia. Ndilo lililowafanya wawafungulie mlango, kwa maana Bibi Elina alikataa miezi mizima. Alikuwa akisema, mwanamume aliyeua akirudi hajaoshwa, hao aliowaua huja naye, hukaa naye kitandani, na mwanamke wake wakamfanya wao. Alikuwa na dada yake aliyekwisha hivyo, zamani, na hakupenda kulizungumza.

"Mmechoma medali ya taifa?" Mkuu wa Wilaya aliuliza polepole.

"Tumechoma vita, Bwana Mkubwa."

"Mama, unajua unachosema? Kuna watu wamelala ndani kwa makosa madogo kuliko hilo. Dereva, muulize mama huyu jina lake kamili."

Alfiado alisimama. Baadaye, kila alipolikumbuka jambo hili, hakukumbuka kuamua kusimama. Goti baya lilinyooka lenyewe, visigino viligongana, mkono wa kushoto ukabana paja, na mkono wa kulia, ule uliokuwa ukigusagusa mfuko toka asubuhi, ulitoka na medali ikining'inia kwenye utepe wake.

"Ipo hapa, mheshimiwa," alisema.

Wazee wa Sitoe walitazamana. 

Mkuu alicheka kwa kuridhika. Aliichukua medali, akaipangusa kwa kitambaa chake cha jasho, akamchomekea Alfiado kifuani juu ya koti la binamu yake. Mpigapicha aliinama. Wakataka na bibi harusi atokeze uso asimame naye, lakini Bibi Elina alikaza pindo la kapulana.

"Huyu nimemuuliza swali," alisema, "na bado hajanijibu. Hawezi kupigwa picha."

"Bibi ana meno bado," alisema Mkuu, akacheka tena. Wakampiga picha Alfiado peke yake, kifua mbele, miguu kati ya suti ya mkwewe na dumu la mvinyo. Mwanga wa kamera ulimulika mara mbili. Kisha Mkuu akasema shamba ni lake, aje Jumatatu, akampiga bega, akaondoka. Dereva alilichukua lile dumu la mvinyo akalitia ndani ya gari, kwa ajili ya njia, na hakuna aliyesema kitu. Wakubwa ndivyo walivyo. Hawakuulizi uliupata wapi, wanauliza umeuweka wapi.

Vumbi lilipotulia, Mzee Sitoe alikohoa. Miaka yake ya mgodini ilikuwa imemwachia kifua cha bati. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na watu wakamngoja.

"Bernabe," alimwambia mshenga, bila hasira. "Kunjeni vitu vyenu."

"Mzee mwenzangu, tuzungumze."

"Hatuna cha kuzungumza. Suti ni nzuri. Ningependa kuzikwa nayo. Kunjeni."

Shangazi Joaquina alikuwa wa kwanza kupiga magoti na kuanza kukunja. Alikunja kapulana, akakunja kitambaa, akairudisha suti katika karatasi yake. Alipompita Alfiado hakumtazama usoni, alitazama kile kitu kifuani.

"Mganga alikuuliza, vyote vimo?" alisema kwa sauti ya chini. "Mbele ya kaburi la baba yako alikuuliza. Ukajibu, vimo. Na mimi nikaja kwa watu na kichwa changu hiki chenye mvi nikasema vimo."

"Shangazi…"

"Usiniite. Nina vitu vya kubeba."

*

Atalia alimkuta kwenye ukingo wa mfereji mkuu, chini kidogo ya lango la maji, mahali wanawake wanapofulia siku za kazi. Siku hiyo hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na maji yalipita kimya, mazito, rangi ya chai ya maziwa. Alfiado alikuwa amevua koti na kulikunja vizuri kwenye nyasi, maana halikuwa lake. Medali alikuwa ameishika mkononi.

Alfiado alizisikia hatua za Atalia akazijua. Angezijua kati ya hatua za kijiji kizima. Mwezi ule wa kumi, akiwa ndani ya kibanda cha nyasi, amekatazwa kusema na mtu na watu wamekatazwa kusema naye, alikuwa akizisikia hatua hizo kila asubuhi zikienda na ndoo na zikirudi zimeelemewa. Siku ya tatu zilisimama. Alipochungulia kati ya nyasi aliona mgongo wa msichana akiondoka, na juu ya kigingi cha njia muhindi wa kuchemsha, bado unatoa moshi. Msichana hakugeuka kutazama nani kauchukua. Kila siku muhindi mmoja. Kama kuna mwanamume anayeweza kulishwa hivyo asipende, basi huyo hakuzaliwa na mwanamke. Na kama unaye wa namna hiyo nyumbani, na yu hai, mtazame vizuri usiku wa leo.

"Wananitafuta," Atalia alisema. "Sina muda mrefu."

Alikuwa bado na kapulana ile ile, sasa imefungwa kiunoni. Uso wake ulikuwa mkavu. Alfiado alikuwa ametarajia machozi, na ukavu ule ulimtisha zaidi.

"Atalia, nisikilize. Nilifanya kwa ajili ya shangazi. Yule mtu angemtia ndani. Umemsikia mwenyewe, alishaanza kuuliza jina kamili."

"Alfiado."

"Ningefanyaje? Nikae chini, wamchukue shangazi yangu?"

"Alfiado, kapulana ile ni nyepesi. Nilikuwa nakuona." Alikuja karibu hatua moja, akasimama. "Aliposema tu vaa medali, mkono wako ulikuwa mfukoni. Shangazi yako hakuwa amefungua mdomo. Hakuna aliyekuwa ametishiwa. Mkono ulikuwa umeshaishika."

Alitaka kukataa.  Ilikuwa kweli. Alikuwa hajajiambia mwenyewe, lakini aliposikia akajua kuwa ni kweli, na aibu ikampanda toka tumboni mpaka masikioni, moto kama uji uliomwagika. Bega lake bado lilikuwa na joto la kiganja cha Mkuu wa Wilaya, na jambo baya kuliko yote ni kwamba, pale uani, kwa muda mfupi, bega hilo lilifurahi.

"Walinizoesha," alisema. "Ukiitwa na mkubwa unasimama. Asiyesimama tulimwona alivyofanywa."

"Kwa hiyo watu wote wanakuita shujaa, na wewe ukiona mtu na gari unasimama."

"Ndiyo."

"Angesema unipige, ungenipiga?"

"Usiseme hivyo."

"Nauliza. Mimi nitalala na wewe maisha yangu yote, nina haki ya kuuliza. Nililala na wewe tayari."

Ndege mweupe alitua upande wa pili wa mfereji, akawatazama, akaruka. Alfiado alikaa kwenye nyasi kwa sababu goti lilikataa kumbeba.

"Kwa nini hukuitia motoni?" aliuliza Atalia. Sasa sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayetaka kujua. "Viatu ulichoma. Viatu vilikuwa vizuri, kaka yangu alililia viatu vile. Kijiko ulichoma. Hiki kijipande cha bati ulikifichia nini?"

"Kilikuwa kinywani."

"Nini?"

"Nilikuwa nimekiweka kinywani. Mganga alipokuwa akipita kunikagua. Chini ya ulimi, na utepe nimeutafuna." Aliangalia maji. "Ndiyo maana nilipoulizwa vyote vimo, nilijibu kwa kichwa. Shangazi anadhani nilisema. Sikusema, nisingeweza kusema."

 Kicheko kikamtoka Atalia, kifupi, bila furaha, akajiziba mdomo.

"Samahani. Nimekuona ukitafuna utepe."

"Cheka tu. Mimi mwenyewe nimejicheka mara nyingi." Lakini hakucheka. "Mkuu wa Wilaya aliniambia siku niliposhuka garini. Alisema, kijana, usije ukaipoteza hiyo, mwenye hiyo atapewa ardhi ya mfereji, ile yenye maji mwaka mzima. Asiye nayo atalima kule juu kwenye mchanga na wenzake. Nilikuwa sikujui bado. Nilikuwa namjua baba yangu tu, alivyokufa akilima mchanga. Halafu ukaanza kuleta mihindi, nikasema, sasa ninayo sababu. Nilikuona kwenye shamba lile, Atalia. Nilikuona na nyanya zako, na kabichi. Nilikuwa natembea kwenye matuta yake kila usiku kabla sijalala."

"Mimi sikukuomba kabichi."

"Najua."

"Niliomba mtu aliyeoshwa. Bibi yangu alikataa nikamlilia. Nilimwambia, bibi, ameoshwa, moto niliuona kwa macho yangu, moshi uliingia mpaka kwetu. Nilikula kiapo kwa ajili yako, Alfiado. Nikiwa najua nini? Sikujua lolote. Wewe ulikuwa unalijua bati lako chini ya ulimi."

Alfiado alitazama chini. Alikuwa na hamu ya kushika mguu wake, ule wenye kucha nyekundu, uliokuwa karibu na mkono wake kiasi cha shibiri moja tu. Hakuushika. Tangu uani alikuwa akijiona kama mtu mwenye masizi mikononi.

"Ulipewa kwa lipi?" Atalia aliuliza.

Alijua swali hilo litakuja. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yao yalikutana bila nguo katikati. Macho ya Atalia yalikuwa makubwa, mekundu pembeni. Alitaka kujua, na aliogopa kujua.

"Lile daraja la reli," alianza Alfiado. "Kapteni alitwambia adui watapita alfajiri. Alisema yeyote atakayetokea upande wa pili…"

Atalia akamziba mdomo kwa kiganja. Alimziba kwa nguvu, mpaka meno yakagusa mdomo.

"Nyamaza. Nilisahau. Usiseme. Aliyeoshwa hasemi tena mambo ya vita."

"Sikuoshwa," alisema chini ya kiganja chake.

Kiganja kilibaki palepale. Kilinukia sabuni na karanga za kutwanga. Wote wawili waliganda hivyo, yeye amekaa, mwanamke ameinama juu yake, na mtu aliyewaona kwa mbali angedhani ni wapenzi wanaocheza. Kisha Atalia aliuondoa mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye kapulana. Hakufanya kwa makusudi. Mkono ulijipangusa wenyewe. Lakini Alfiado aliona, na Atalia aliona kuwa ameona.

"Sikukusudia," alisema.

"Sijali."

"Unajali. Mimi ningejali."

Alfiado alisimama kwa shida, akavuta mkono nyuma arushe medali kwenye mfereji. Atalia alimshika kiwiko.

"Hapana. Maji haya watu wanakunywa."

Mkono ulishuka. Hata kuitupa hakujua pa kuitupa. Waliompa walijua pa kuiweka, wakaiweka kifuani kwake, wakaenda zao.

"Twende Joni," alisema ghafla. "Binamu yangu atanipokea. Mpaka unavukika, watu wanavuka kila wiki. Huko hakuna anayenijua. Hakuna Mkuu wa Wilaya, hakuna daraja. Nitachimba. Goti litazoea. Atalia, twende leo."

Alisema huku akiamini, na uso wake ulikuwa tena wa yule kijana aliyechukuliwa sokoni. Atalia alimpenda sana wakati ule. Alimpenda mpaka akaona uchungu kifuani, na alijua akikaa naye dakika chache zaidi atasema ndiyo.

"Waliokufa hawaombwi pasi mpakani," alijibu. "Tutapanda gari wawili, tutashuka na wao."

"Unaamini hivyo?"

"Sijui ninachoamini. Zamani ningekwambia ni mambo ya vikongwe." Aliweka mkono juu ya tumbo, chini ya fundo la kapulana, na akauacha hapo. "Sasa siko peke yangu. Siwezi kuamini ninavyotaka."

Alfiado aliuangalia mkono ule. Ilimchukua muda.

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba. Sijaona siku zangu mara mbili. Nilikuwa nikwambie leo usiku, mahari yakiisha kupokewa, tukiwa tumekaa." Alikaza fundo la kapulana kwa mkono wa pili. "Nilikuwa nimepanga na maneno."

Furaha ilimjia Alfiado kabla ya kitu kingine chochote, safi kabisa, ikamjaa mpaka puani. Nyuma yake tu ikaja ile nyingine. Alikumbuka usiku wa Desemba, ghalani, harufu ya muhindi mpya, na medali ikiwa imefungwa katika kitambaa kwenye boriti ya paa, mkono mmoja kutoka vichwa vyao. Alikuwa ameiona pale ilipo wakati akimkumbatia. Aliiona, akaendelea.

"Maneno gani?" aliuliza.

"Sitakwambia. Nitayatunza."

Walisikia fimbo ikigonga udongo. Bibi Elina alikuwa anakuja kwenye ukingo wa mfereji, polepole, na jambo ambalo hawakulitarajia, Shangazi Joaquina alikuwa amemshika mkono. Wanawake wale wawili hawakuwa na urafiki. Miezi mizima walikuwa wakisemana visimani. Sasa walitembea kama mtu na dada yake.

Atalia alirudi nyuma, lakini hakuuondoa mkono tumboni haraka ya kutosha. Bibi Elina alisimama, akatazama mkono, akatazama uso, akashusha pumzi. Hakushangaa. Pengine alikwishajua tangu siku ile Atalia alipoanza kukataa harufu ya samaki.

Alfiado alipiga magoti yote mawili, na lile baya.

"Bibi," alisema, "nimewakosea. Nichomeni mimi kama ni lazima. Nitaoshwa upya. Nitalala nje ya ua mwaka mzima. Shangazi, muite tena mganga, safari hii nitatema kila kitu."

"Nimetoka kwake sasa hivi," alisema Shangazi Joaquina. Alikuwa amechoka, na hasira ilikuwa imemwishia njiani. "Hajakataa. Anasema mara ya kwanza mtu huoshwa tu, kwa kuwa wale waliokufa hawajajua alikokwenda. Lakini ukishawadanganya wanakuwa wameshakaa. Hawafukuzwi kwa majani, wanaulizwa wanataka nini. Na ili waulizwe, lazima waitwe kwa majina. Anataka majina yao, Alfiado."

"Majina?"

"Ya wale."

Alfiado alitazama kitu kilicho mkononi mwake. Kulikuwa na nyota juu yake, na maandishi kuizunguka, na hakuna jina la mtu hata mmoja. Asubuhi ile Kapteni alitembea darajani na fimbo yake, akahesabu kwa sauti, akaridhika. Hakuinama kumuuliza mtu anaitwa nani. Na wao waliomfuata nyuma, wakiwa wanaona kwenye mwanga kile ambacho gizani hawakukiona, hawakuinama pia. Kulikuwa na ndoo, Alfiado alikumbuka. Kulikuwa na ndoo moja ya bluu, ya kuchotea maji, ikibingirika.

"Siyajui," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akarudia. "Shangazi, siyajui."

Shangazi Joaquina alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake.

Bibi Elina alimsogelea akasimama mbele yake. Kwa kuwa Alfiado alikuwa amepiga magoti na bibi alikuwa mfupi, nyuso zao zilikuwa sawa. Hakumtemea mate, hakumlaani. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye dawa yake inajulikana lakini haipatikani.

"Mimi sikuchukii, mwanangu," alisema. "Waliokufanya hivi watalala leo na mvinyo wetu tumboni, na wewe utalala na haya. Si haki, lakini ndivyo ilivyogawanywa. Sasa nisikilize vizuri, maana na mimi nina wakubwa wangu, wale walionitangulia, na leo nitakwenda kuongea nao. Mtoto ambaye mahari yake yamepokewa ni wa kwao baba. Mahari yamekunjwa. Mtoto asiye na mahari ni wa kwao mama, na hilo nalo lingekuwa jepesi, ningemlea. Lakini kuna wale wa darajani. Wao walikuwepo kabla ya mahari, walikuwepo usiku ule mlipokuwa wawili mkadhani mko wawili, na wanadai kwako roho zao. Wahenga wangu wataniuliza, nami siwezi kuwadanganya kama ulivyowadanganya wa kwenu."

Alinyoosha fimbo yake, bila kugusa, kuelekea tumbo la mjukuu wake.

"Huyu," aliuliza, "nikawaambie ni wa nani?"